Rudolf Schleiden: mjumbe wa mji mdogo aliyejaribu kusimamisha vita ya Marekani

Tarehe 25 Aprili 1861, siku 13 baada ya mizinga ya kwanza ya vita ya wenyewe kwa wenyewe katika Marekani, Mjerumani mmoja wa miaka 45 alifika Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia. Alitoka Washington, kwa Raisi Abraham Lincoln, na sasa alikuja kuonana na viongozi wa majimbo yaliyojitenga. Huyu mtu hakuwa jenerali, na inchi aliyoiwakilisha haikuwa na jeshi la kutisha mtu. Ilikuwa mji mmoja tu wa bandari: Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Alichotaka ni pande mbili zinyamazishe bunduki kwa miezi tatu ili watu wapate nafasi ya kuzungumza.

Jina lake Rudolf Schleiden. Hakufaulu Richmond, na si hapo peke yake aliposhindwa. Inchi ya kwao ilichukuliwa mara mbili bila wenyeji kuulizwa. Ila katika kila kazi aliyopewa, kama mtumishi wa duane, mjumbe wa serikali ya maasi, balozi na mwishowe mbunge, alishikilia neno moja: mabishano ya mipaka na ya utawala yamalizwe kwa sheria na kwa kukubaliana, si kwa nguvu ya mwenye jeshi kubwa.

Majimbo mawili, mfalme mmoja

Schleiden alizaliwa tarehe 22 Julai 1815 huko Ascheberg, katika Holstein. Ili kuelewa maisha yake, inafaa kwanza kuelewa hiyo inchi ya kwao, na si kazi nyepesi. Inasimuliwa kwamba Lord Palmerston, waziri mkuu wa Uingereza, alisema ni watu watatu tu waliowahi kuielewa kesi ya Schleswig-Holstein: mmoja amekufa, wa pili amepata wazimu, na wa tatu ni yeye mwenyewe, lakini amekwisha kusahau.

Tujaribu kwa ufupi. Schleswig na Holstein yalikuwa majimbo mawili yaliyopakana, kati ya Denmark na Ujerumani. Mtawala wa kila jimbo aliitwa duki. Kwa miaka mingi duki wa majimbo yote mawili alikuwa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa pia mfalme wa Denmark. Lakini majimbo yenyewe hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Denmark. Yalikuwa na sheria zake na desturi zake.

Kulikuwa na tofauti ingine. Tangu 1815 Holstein ilikuwa ndani ya Shirikisho la Ujerumani, yaani umoja wa falme na miji ya Kijerumani. Schleswig haikuwa ndani. Holstein watu walisema Kijerumani. Schleswig walichanganyika: kusini Kijerumani, kaskazini Kidenmark, na upande wa bahari ya magharibi Kifrisia. Tena kulikuwa na ahadi ya zamani sana: katika mkataba wa Ribe wa mwaka 1460 mfalme aliahidi kwamba majimbo haya mawili yatabaki pamoja milele, bila kugawanywa.

Karne ya 19 ilipoleta mawazo mapya, ahadi ile ikawa moto. Waliberali wa Denmark walitaka katiba, na walitaka Schleswig iingie ndani ya hiyo katiba yao. Waliberali wa Kijerumani nao walitaka katiba, lakini majimbo yote mawili yabaki pamoja na kusogea upande wa Ujerumani. Kumbe wote walikuwa wakiomba kitu kimoja: katiba iliyoandikwa, bunge lenye sauti juu ya kodi, uhuru wa magazeti. Walishindwa kupatana juu ya swali moja tu: mpaka upite wapi?

Kijana wa duane anaacha kazi

Schleiden alisoma sheria katika vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, pamoja na Kiel na Berlin. Kisha akaingia katika kazi ya serikali ya Denmark, kwenye idara kuu ya duane huko Copenhagen. Kwa kijana msomi wa Holstein hiyo ilikuwa njia ya kawaida, maana mfalme wa Copenhagen alikuwa mtawala wake halali. Kazi ya duane ilimfundisha mambo ambayo yangemsaidia baadaye: bei za bidhaa, ushuru, meli, na ginsi mikataba ya biashara inavyoandikwa.

Mwaka 1848 ukabadilisha yote. Mwezi wa Januari mfalme Christian VIII alikufa. Mwezi wa Februari mapinduzi yakaanza Paris, na mwezi wa Machi yakafika Vienna na Berlin. Copenhagen nako, serikali mpya ilionyesha wazi kwamba Schleswig itaunganishwa na Denmark. Tarehe 24 Machi 1848 viongozi wa Kijerumani wakatangaza serikali ya muda huko Kiel, chini ya mwanasheria Wilhelm Beseler. Hawakusema wanampindua duki wao. Walisema duki ameshikwa na watu wa Copenhagen, hana uhuru tena, na wao wanalinda haki ya inchi mpaka apate uhuru wake.

Schleiden aliacha kazi ya Denmark na kujiunga na upande wa Kiel. Hilo halikuwa jambo dogo: mshahara wa serikali, cheo na maisha ya Copenhagen vyote vilibaki nyuma. Katika siku chache alijikuta Frankfurt, kati ya watu waliokutana kuanzia tarehe 31 Machi kutengeneza njia ya bunge la kwanza la Ujerumani yote. Mkutano ule ulichagua komite ya watu 50 kuangalia mambo mpaka bunge lenyewe lianze tarehe 18 Mei. Schleiden alikuwa mmoja wao.

Kisha serikali ya muda ikamtuma Berlin, kuwa mjumbe wake kwa mfalme wa Prusia. Prusia ndiyo iliyokuwa na jeshi, na bila jeshi lile Kiel haingeweza kusimama mbele ya Denmark.

Somo la 1848

Hapo Berlin ndipo Schleiden alionja kwanza uchungu wa kutegemea inchi kubwa. Askari wa Prusia waliingia kweli na kuwasukuma Wadenmark. Lakini Uingereza na Urusi hazikupenda Prusia ishike bandari na njia za bahari za kaskazini. Meli za Denmark nazo zilifunga bandari za Wajerumani, na wafanya biashara wakalia. Mfalme wa Prusia akaona faida haitoshi. Tarehe 26 Agosti 1848 akakubali kusimamisha vita kwa mkataba wa Malmö. Watu wa Schleswig-Holstein, ambao vita ilikuwa yao, hawakuwa na neno la mwisho.

Mapigano yalirudi mwaka 1849, yakasimama tena. Tarehe 2 Julai 1850 Prusia ilifanya amani na Denmark na kuondoka. Jeshi la Schleswig-Holstein likabaki peke yake, na tarehe 25 Julai likapigwa huko Idstedt. Mwanzoni mwa 1851 Austria na Prusia zenyewe, zilezile zilizohesabiwa kuwa ndugu, zililazimisha serikali ya Kiel ijiuzulu.

Mfalme wa Denmark alitoa msamaha kwa watu wengi. Schleiden hakuwekwa ndani ya huo msamaha. Akawa mtu bila kazi, na inchi ya kwao ikafungwa mbele yake. Wajerumani wengi wa 1848 walipita njia kama hiyo. Wamoja walikwenda Uswisi au Uingereza, na maelfu walivuka bahari kwenda Marekani. Schleiden naye angevuka bahari, lakini si kama mkimbizi.

Bremen inatafuta mtu

Bremen ilikuwa mojawapo ya miji mitatu, pamoja na Hamburg na Lübeck, iliyobaki na uhuru wake toka zamani za umoja wa wafanya biashara ulioitwa Hanse. Ilikuwa dola kamili: senati yake, sheria zake, bendera yake, mabalozi wake. Watu wake wote, mji na vijiji vyake, hawakufika 100,000. Lakini meli zake zilifika kila mahali.

Biashara kubwa ya Bremen ilikuwa na Marekani, na ilikwenda pande mbili. Kutoka Marekani meli zilileta tumbako na pamba. Kutoka Bremen zilibeba watu. Mwaka 1827 Bremen ilianzisha bandari mpya kwenye mdomo wa mto Weser, Bremerhaven, kwa sababu meli kubwa hazikuweza tena kupanda mto mpaka mjini. Mwaka 1832 ikatunga sheria iliyolazimisha wenye meli kuandika majina ya wahamiaji na kuwa na chakula cha kutosha kwa safari. Haikuwa huruma peke yake. Mhamiaji aliyefika salama aliandikia ndugu zake barua, nao wakachagua kupita bandari ileile. Mwaka 1854, mwaka mmoja tu baada ya Schleiden kufika, Wajerumani zaidi ya 215,000 waliingia Marekani.

Kwa biashara kama hiyo Bremen ilihitaji mtu Washington. Mwaka 1853 ilimchagua Schleiden kuwa mwakilishi wake mkazi. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa mdiplomasia wa mji ambao si wa kwao. Alibaki pale zaidi ya miaka 10, chini ya maraisi watatu: Franklin Pierce, James Buchanan na Abraham Lincoln.

Kazi ya mwakilishi wa Bremen haikuwa ya kusisimua. Ilihusu ushuru wa bandari, posta ya baharini, mabaharia waliotoroka, urithi wa wahamiaji waliokufa, malalamiko ya abiria. Mwaka 1857 kampuni ya meli Norddeutscher Lloyd ilianzishwa Bremen, na mwaka 1858 meli yake ya kwanza ya moshi ilifika New York. Njia ile ya bahari ilikuwa maisha ya mji wote, na mtu wa kuiangalia upande wa Washington alikuwa Schleiden.

Mdiplomasia wa inchi ndogo ana faida moja: hakuna mtu anayemwogopa. Schleiden alizungumza na watu wa Kaskazini na wa Kusini pia. Seneta Charles Sumner wa Massachusetts, adui mkubwa wa utumwa, alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo inchi ile ilipoanza kupasuka, alikuwa akiwajua wengi wa waliokuwa wakivutana.

Aprili 1861: safari ya Richmond

Lincoln alichaguliwa mwezi wa Novemba 1860. Tarehe 20 Desemba jimbo la South Carolina lilijitenga, na mengine ya Kusini yakafuata. Sababu kubwa ilikuwa utumwa. Hesabu ya watu ya 1860 ilionyesha karibu watumwa milioni 4, wote watu weusi, na wakubwa wa Kusini waliogopa kwamba serikali mpya itakata njia ya mfumo ule. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ikapiga ngome ya Fort Sumter. Tarehe 15 Aprili Lincoln akaita askari 75,000. Tarehe 17 Aprili mkutano wa Virginia ukaamua kujitenga.

Kisha ikaja siku ya Baltimore. Tarehe 19 Aprili askari wa Massachusetts waliokuwa wakienda kulinda Washington walishambuliwa na watu wenye hasira barabarani. Askari 4 na raia 12 wakafa. Madaraja ya reli yakachomwa na nyaya za telegrafu zikakatwa. Kwa siku kadhaa Washington ilikaa kama kisiwa: Virginia upande mmoja, Maryland yenye vurugu upande mwingine, na hakuna habari.

Katika hofu ile, tarehe 24 Aprili, Schleiden alikwenda kwa William Seward, waziri wa mambo ya inje. Alikuwa amesikia kwamba Alexander Stephens, makamu wa raisi wa majimbo ya Kusini, yuko Richmond. Raisi wao, Jefferson Davis, alikuwa bado Montgomery, mbali sana. Stephens alikuwa mtu wa kuzungumza naye: aliwahi kukaa na Lincoln katika bunge moja miaka ya 1840, na mwanzoni alipinga jimbo lake la Georgia lisijitenge. Schleiden alijitolea kwenda kumwona na kutafuta njia ya kusimamisha mapigano.

Hakuwa na ruhusa ya Bremen, wala hakuweza kuwa nayo. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliowekwa 1858 ulikuwa umekufa, na barua ilichukua karibu wiki mbili kuvuka. Ilikuwa uamuzi wake mwenyewe.

Seward hakumkataza, na Schleiden akazungumza na Lincoln pia. Jibu la Lincoln linaonyesha ginsi mambo hayo yalivyokuwa magumu. Alimshukuru, akasema yuko tayari kuangalia kwa moyo safi pendekezo lolote litakalokuja. Lakini akasikitika kwamba Schleiden hakwenda moja kwa moja bila kuuliza. Kwa nini? Kwa sababu raisi akimtuma mtu kuzungumza na viongozi wa Richmond, amekwisha kukubali kwamba wao ni serikali. Na jambo hilo hasa ndilo lililokuwa likibishaniwa. Kwa hiyo Schleiden aliondoka akiwa na ruhusa ya nusu: hakukatazwa, lakini hakutumwa.

Richmond alikuta bendera mpya na vijana wanaofanya mazoezi ya bunduki. Alizungumza na Stephens kwa muda mrefu, akaonana na gavana John Letcher, na barua zikaandikwa. Upande wa Stephens ulisema Kusini haikutaka vita na iko tayari kusikiliza, lakini hakuwa na uwezo wa kuahidi kusimamisha mapigano kwa niaba ya serikali yake. Tena alitaka hatua ya kwanza itoke Washington. Washington kwa upande wake haingeweza kutoa hatua ya kwanza bila kuonekana imeitambua Kusini.

Tarehe 27 Aprili Schleiden alikuwa amerudi Washington na barua mfukoni. Lakini katika siku zile chache hali ilikuwa imegeuka. Tarehe 25 Aprili kikosi kutoka New York kilikuwa kimefika, na mji haukuwa tena kisiwa. Serikali ya Lincoln ikamwambia kwamba haioni faida ya kuendelea. Jambo likaishia pale.

Je, angefaulu, ingekuwa vizuri?

Swali hili ni la haki, na halina jibu jepesi. Vita ile ilidumu miaka minne na kuua askari wanaokadiriwa 620,000. Ukitazama hesabu hiyo, miezi tatu ya kunyamazisha bunduki inaonekana kama nafasi iliyotupwa.

Lakini kulikuwa na watu milioni 4 ambao hawakukaa kwenye meza ya Schleiden na Stephens. Stephens mwenyewe, mwezi mmoja tu mbele, tarehe 21 Machi 1861 huko Savannah, alikuwa amesema waziwazi kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe na kwamba utumwa ni hali yake ya asili. Mapatano ya Aprili yangesimamisha risasi, lakini hayakuwa na neno lolote kwa mtumwa wa shamba la pamba. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe kabla ya kutoroka, aliandika mwezi wa Mei 1861 kwamba njia ya kumaliza vita ni kuvunja utumwa, na kuwapa watu weusi bunduki wapiganie uhuru wao. Serikali ya Lincoln ilichukua zaidi ya mwaka kufika pale: tangazo la uhuru lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, na utumwa ukafutwa katika katiba mwezi wa Desemba 1865.

Schleiden alikuwa mtu wa bandari yenye biashara ya tumbako na pamba, na vita ilikuwa hasara kwa Bremen. Hilo lilikuwa ndani ya hesabu yake. Lakini pia alikuwa ameona Idstedt, ameona ginsi vita inavyoanza na nyimbo na kuishia kwa mkataba ulioandikwa na wengine. Alijua bei ya vita kuliko watu wengi wa Washington wa mwezi ule. Alichokosa ni njia ya kutenganisha mambo mawili: amani kati ya wakubwa, na haki ya wale ambao wakubwa walikuwa wakigombania.

Inchi ya kwao inachukuliwa mara ya pili

Mwaka 1862 Schleiden alianza kuwakilisha Bremen, Hamburg na Lübeck kwa pamoja. Mwaka 1864 aliondoka Washington, kisha akawa mjumbe wa miji hiyo mitatu London. Wakati huohuo habari za kwao zilirudi kwa nguvu.

Mfalme wa Denmark Frederik VII alikufa mwezi wa Novemba 1863 bila mtoto. Wajerumani wengi wa majimbo, Schleiden pia, waliona haki ya udukii ni ya mwanamfalme Friedrich wa Augustenburg. Walitaka Schleswig-Holstein iwe dola yake yenyewe, ndani ya Ujerumani, na katiba yake. Tarehe 1 Februari 1864 Prusia na Austria zikavuka mpaka kupigana na Denmark. Tarehe 18 Aprili ngome ya Düppel ikaanguka, na kwa amani ya Vienna ya tarehe 30 Oktoba Denmark ikaacha majimbo.

Watu wa Kiel walifurahi mapema. Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, hakuwa amepigana ili ampe Augustenburg kiti. Alitaka majimbo yawe ya Prusia. Mwaka 1866 akapigana na Austria yenyewe na kushinda huko Königgrätz tarehe 3 Julai. Mwezi wa Januari 1867 Schleswig na Holstein zikawa jimbo moja la Prusia. Hatimaye zilikuwa pamoja, sawa vile mkataba wa Ribe ulivyoahidi. Lakini hakuna aliyewauliza wenyeji.

Kwa waliberali wa Ujerumani huo ulikuwa mtihani mkubwa. Wengi walisema: umoja umepatikana, tusibishane juu ya njia. Schleiden hakuweza kusema hivyo. Alikuwa amepinga Copenhagen kwa sababu ilitaka kumeza jimbo bila ruhusa. Angewezaje kusifu Berlin kwa kufanya lilelile? Mwaka 1866 aliacha kazi ya London.

Mbunge asiyependa kelele za ushindi

Aliacha ubalozi lakini hakuacha siasa. Mwaka 1867 Ujerumani ya Kaskazini ilichagua bunge kwa kura ya wanaume wote, na watu wa Schleswig-Holstein wakamtuma Schleiden kuwa depite wao. Alikaa na kundi dogo lililotaka dola ya shirikisho na ya katiba, yaani umoja ambao Prusia haitawali peke yake na mawaziri wanajibu mbele ya bunge. Baada ya dola ya Ujerumani kutangazwa mwaka 1871, alikuwa katika chama cha Liberale Reichspartei. Chama hiki kilikubali umoja mpya, lakini kilitaka haki za majimbo ziheshimiwe. Ndani yake kulikuwa na watu wenye heshima kama Franz von Roggenbach wa Baden na mwanamfalme Hohenlohe wa Bavaria. Heshima walikuwa nayo, lakini wingi wa kura hapana. Waliberali wengi walikuwa upande wa chama kikubwa kilichomsaidia Bismarck, na baada ya miaka michache chama cha Schleiden kilitawanyika.

Tena kazi ya ubunge haikuwa ya kujitajirisha. Katiba ilikataza wabunge wa dola kulipwa mshahara, na ilibaki hivyo mpaka 1906.

Katika bunge lilelile kulikuwa na wabunge wa Kidenmark kutoka kaskazini mwa Schleswig, na Hans Andersen Krüger alijulikana zaidi. Wao walidai kitu ambacho watu wa Kiel walidai mwaka 1848: tuulizwe. Walikuwa na karatasi mkononi. Kifungu cha 5 cha amani ya Prague ya 1866 kiliahidi kwamba watu wa kaskazini mwa Schleswig watapiga kura kuchagua Denmark au Prusia. Kura haikuitishwa. Mwaka 1878 Prusia na Austria zikapatana kukifuta kifungu hicho.

Mwisho wa safari

Katika miaka ya 1870 Schleiden aliacha siasa na kwenda kukaa Freiburg, kusini kabisa mwa Ujerumani, mbali na Holstein. Huko aliandika kumbukumbu zake, na buku ya kwanza ilitoka 1886. Kichwa chake kinamtaja mwandishi kama mtu wa Schleswig-Holstein. Hakujiita mtu wa Prusia wala balozi wa zamani. Alikufa Freiburg tarehe 25 Februari 1895, akiwa na miaka 79.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa katika vita ya kwanza ya dunia, watu wa Schleswig waliulizwa hatimaye. Tarehe 10 Februari eneo la kaskazini lilipiga kura, na karibu asilimia 75 wakachagua Denmark. Tarehe 14 Machi eneo la pili, lenye mji wa Flensburg, likapiga kura, na karibu asilimia 80 wakachagua Ujerumani. Mpaka ukachorwa kufuatana na kura zile, na uko palepale mpaka leo. Schleswig ikagawanyika kweli, kinyume cha ahadi ya 1460, lakini safari hii wenyeji wenyewe ndio waliosema.

Tarehe za kukumbuka

- 1815: Anazaliwa Ascheberg, Holstein.
- 1848: Anaacha kazi ya Denmark, anaingia komite ya watu 50 Frankfurt, kisha anatumwa Berlin.
- 1851: Serikali ya Kiel inaanguka, naye hapati msamaha.
- 1853: Anakuwa mwakilishi wa Bremen huko Washington.
- 1861: Anakwenda Richmond kutafuta kusimamisha mapigano.
- 1862: Anawakilisha miji yote mitatu ya Hanse.
- 1866: Anaacha kazi ya ubalozi London.
- 1867: Anachaguliwa kuwa mbunge wa Schleswig-Holstein.
- 1895: Anakufa Freiburg.